Mboga za Mwezi wa Pili

Siku ya kustaafu nilirudisha ofisini pikipiki, kofia yake ngumu, na ufunguo wa kabati ambalo halijawahi kufungika. Kisu changu cha kukatia mboga sikukirudisha, kwa sababu nilikinunua mwenyewe sokoni Muheza, na atakayekidai nitamwonyesha makali yake. Vijana wa idara ya kilimo walinikatia keki, wakanivisha kitenge, wakasema maneno mengi mazuri, mengine yakimhusu mtu nisiyemjua. Kisha mmoja akanivuta pembeni akaniambia, "Mama, tuandikie basi. Ukiondoka hivi hivi tutabaki na makaratasi matupu." Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vimo kwenye jalada, na mishahara mnaijua, ni hiyo hiyo yenu. Nitaandika juu ya kukausha mboga, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyonifedhehesha mbele za watu kabla haijanipa furaha kubwa kuliko zote.

Mimi ni Mshambaa, mtoto wa Kilutheri wa huko milimani kwenye kabichi na baridi. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Maramba. Nilifika na cheti, viatu vipya, na daftari lenye kurasa kumi na mbili za somo la kuhifadhi mboga za majani. Mama wa kwanza niliyemtembelea nilimkuta anapalilia kunde. Nikasimama kwenye tuta nikamsomea kurasa zote kumi na mbili, naye kashika jembe. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama najua kupalilia. Nikasema najua. Akanipa jembe, akaenda zake kunywa maji. Viatu vile havikurudi kuwa vipya. Tangu siku hiyo mtu mwenye kazi mkononi namsaidia kwanza, mazungumzo baadaye, na ninyi mnaokwenda shambani na vishikwambi vyenu mfanye hivyo hivyo.

Huko Maramba mbuzi wa jirani alikula majani ya kunde ya wiki nzima niliyoyaanika na akina mama kumi. Tulikuwa tumeyatandaza kwenye jamvi chini, kama mpunga. Nilikwenda kwa mwenye mbuzi nimefura, tayari kwa ugomvi. Nikamkuta naye ana malalamiko yake, kwamba mbuzi sasa anasusa majani mabichi. Nilirudi ofisini sina la kuandika kwenye ripoti. Niliandika kwamba mboga zilipokelewa vizuri.

Aliyenifunza kazi hasa ni Bwana Mhina, Mbondei wa Muheza, bwana shamba wa zamani ambaye nilihamishiwa chini yake. Alikuwa mfupi, mchache wa maneno, na aliyachukia mafunzo ya semina kama watu wanavyochukia kunguni. Ripoti yangu ya mbuzi aliisoma akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba yake, akanionyesha meza alizozitengeneza kwa miti na wavu, zimesimama usawa wa kifua, juu zimefunikwa chandarua kuukuu. Mbuzi hafiki, nzi hawapiti, na upepo unapita juu na chini. Mradi mmoja baadaye ulituletea makaushio ya jua ya kisasa, masanduku mazuri yenye kifuniko cha nailoni. Wageni wakapiga nayo picha, na mwaka uliofuata niliyakuta mengi yamekuwa mabanda ya kuku. Meza za Bwana Mhina sijawahi kuzikuta na kuku.

Kwake nilijifunza kwa mikono. Majani yachumwe asubuhi umande ukishakauka. Yaoshwe mara tatu, na maji ya tatu uone chini ya beseni. Yapitishwe kwenye mvuke mpaka yalegee tu, yasiive, kisha yatandazwe, jani lisilalie jani. Yaanikwe kivulini penye upepo, maana jua kali hula rangi na nguvu ya mboga, likakuachia kitu mfano wa tumbaku. Yakikauka yaachwe yapoe kabla ya kufunikwa, kwa kuwa jani la moto likifungiwa hutoa jasho, na jasho huzaa ukungu. Na kupima ukavu, Bwana Mhina alikuwa akilileta jani sikioni akalivunja. Nilipokuwa nikimwambia kwamba jani limeshabadilika rangi, alinijibu neno moja tu: "Livunje."

Kitu kigumu Muheza kilikuwa shibe. Wakati wa machungwa wewe unawaambia watu habari ya kuhifadhi chakula, nao wanakutazama huku machungwa yanaoza chini kwa wingi. Wananipa gunia nipeleke nyumbani, wananiaga. Bwana Mhina alikuwa akisema tusiwalaumu, twende tena wakiwa na njaa. Tulikwenda wakiwa na njaa, wakatuambia tungekuja mapema.

Basi nikazunguka wilaya zile miaka mingi. Bwana Mhina alistaafu, baadaye akafariki, Mungu amrehemu, nami nikawa ndiye mtaalamu wa kukausha. Nilikuwa nikiitwa huku na huku. Nasema wazi, kichwa kilivimba. Nilipohamishiwa Pangani, nikiwa nimebakiza miaka michache, nilidhani hakuna jani la Tanga lisilonijua.

Ng'ambo ya mto, katika kijiji kimoja cha wavuvi, alikuwako mwanamke anaitwa Bi Mwantumu, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Huyu ndiye aliyenifuata. Alivuka kwa kivuko, akasubiri kwenye benchi la ofisi mpaka nikarudi, akanieleza shida yake moja kwa moja. Mkwe wake alipokuwa mjamzito kiangazi kilichopita, kliniki walimwambia hana damu, ale mboga za majani kwa wingi. "Mboga zipi, dada, mwezi wa pili?" Bi Mwantumu aliniuliza. Visima vilikuwa vimeshuka, bustani zimekauka, na kilichobaki ni samaki na ugali, ugali na samaki. Yule binti alijifungua kwa taabu na mtoto hakuishi. Bi Mwantumu hakulia alipokuwa akinieleza. Alisema tu kwamba binti atapata mimba nyingine, inshallah, na kiangazi kingine kitakuja.

Tulianza vizuri. Wakajiunga wanawake kumi na wanne, wakalima mchicha, kunde na matembele karibu na kisima cha kijiji. Serikali ya kijiji ikawapa banda moja la makuti lililosimama wazi pwani, lenye upepo mchana kutwa. Banda lile zamani lilitumiwa na Bwana Kombo, mfanyabiashara wa samaki, kukaushia ng'onda, wale samaki wanaopasuliwa, wakapigwa chumvi na kuanikwa. Bwana Kombo hakufurahi. Hakuwa mtu mbaya, ila alilihesabu banda kuwa lake, na ufunguo mmoja alibaki nao mfukoni.

Mwezi wa sita, baada ya masika, tukakausha. Nilisimamia siku ya kwanza, nikaona mikono yao myepesi, nikawaachia waendelee, nikarudi ng'ambo na kazi zangu. Kila mwanamke alijaza ndoo yake yenye mfuniko. Mwezi wa saba nikaja kuzikagua. Nikafungua ndoo ya kwanza, nikapigwa na harufu. Majani yalikuwa yamelegea kama kitambaa kibichi, na ukungu mweupe umetambaa juu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu sikuifungua yote.

Hapa nilifanya kosa ambalo hadi leo likinijia huwa nafumba macho. Sikuuliza. Nilianza kusema. Niliwaambia wamefunika mboga zikiwa za moto, wameshika kwa mikono yenye maji, wameona uvivu kuvunja jani kupima. Niliwaambia uchafu wa samaki wasiulete kwenye mboga. Niliyasema hayo mlangoni pa banda, Bwana Kombo akiwa amesimama pale na watu wake. Wanawake wakainamisha macho. Hakuna aliyenijibu, na mimi nikaona kimya chao ni kukiri.

Mwezi wa nane walirudia na mboga za mwisho za bustani. Safari hii niliwauliza kila hatua: mmeosha mara tatu, mmepitisha mvuke, mmeacha zipoe, mmevunja jani? Kila swali walijibu ndiyo, na ilikuwa ndiyo ya kweli. Mwezi wa kumi tukafungua, ndoo kumi na tatu zimeoza. Moja tu ilikuwa kavu, ya Mama Anjela. Huyu alikuwa Mkatoliki aliyekuja pwani na mumewe aliyefuata kazi ya mkonge, wakabaki. Wenzake walimpenda, lakini walikuwa wakimcheka kwamba ameishi pwani miaka yote hiyo na hajui hata kumpara samaki.

Bwana Kombo akapeleka shauri kwenye mkutano wa kijiji. Alisema kwa utulivu, na maneno yake yalikuwa na haki: banda la samaki linaozesha mboga, na samaki wake wananyeshewa. Mwenyekiti akaamua kwamba wanawake wapewe nafasi moja tu. Mboga za vuli zikaushwe, ndoo zifunguliwe mwezi wa pili mbele ya watu wote. Zikiwa mbovu, banda linarudi kwa Bwana Kombo na kikundi kinavunjwa. Bi Mwantumu akaitika kwa ile sauti yake ndogo. Wakati huo mkwe wake alikuwa na mimba ya miezi miwili.

Wengine walishaanza kunong'ona juu ya Mama Anjela na ndoo yake, kwamba pana dawa. Bi Mwantumu hakuwa na muda wa manong'ono. Alichuma matembele, akampelekea Mama Anjela nyumbani, akamwomba amkaushie huku yeye amekaa kwenye kigoda anatazama. Akakaa siku nzima. Mama Anjela akaosha, akapitisha mvuke, akachuja, akatandaza. Bi Mwantumu akamuuliza, chumvi je? Mwenzake akashangaa. "Chumvi ya nini, dada? Chumvi naweka nikipika."

Kesho yake Bi Mwantumu alivuka kwa kivuko cha kwanza. Nilimkuta tena kwenye lile benchi, kafungua pindo la leso lenye majani ya aina mbili. Akaniambia nionje. Jani la kwanza lilikuwa mboga. La pili lilikuwa na chumvi kali mpaka nikafumba jicho. Akanieleza kwamba wanawake wote kumi na watatu walikuwa wakiyapiga majani chumvi ya mawe baada ya mvuke, kama wanavyowafanya samaki, kama walivyofanya mama zao na bibi zao. Hawakuniambia kwa sababu sikuwauliza, na hawakuona kama ni jambo la kusema. Kwao kitu kinachoanikwa hupigwa chumvi, basi.

"Na chumvi yetu unaijua," akasema. "Ukiiacha wazi kwenye kisahani, asubuhi unaikuta imeloa. Inakunywa hewa ya bahari. Ng'onda hatumfungii ndooni, anakaa juu kwenye upepo. Mboga tumezifungia pamoja na maji yake."

Nilikaa kwenye kiti changu nikimtazama. Miaka yote ile ya kazi, semina zote zile, na chumvi ya jikoni kwangu mwenyewe nilikuwa naipikia kila siku ikiwa imeshikana madonge, na sikuunganisha hili na lile. Milimani hatukaushi samaki. Hata swali lenyewe sikuwa nalo. Na hawa ndio niliowaita wachafu.

Niliwagombeza hadharani, kwa hiyo ilinibidi niombe radhi hadharani. Nilivuka mchana ule ule. Nikawakusanya kisimani, nikasema nimekosea, mikono yao ilikuwa safi, mimi ndiye niliyekuja na majibu kabla ya maswali, wanisamehe. Kisha mmoja akasema Mshambaa ameomba radhi, leo mvua itanyesha. Kwa kuwa ilikuwa vuli, ikanyesha kweli, tukakimbilia bandani tumelowa, tunacheka kama wasichana. Sikumbuki siku nyingine kazini niliyocheka namna ile.

Mwezi wa kumi na mbili bustani zilijaa kijani. Mama Anjela, ambaye hajui kumpara samaki, ndiye aliyekuwa mwalimu. Alipita meza kwa meza akiwaondolea wenzake mikebe ya chumvi, maana mkono una mazoea yake, na wawili walikamatwa wamekwisha kuchota. Tulikausha wiki tatu. Asubuhi tukingoja unyevu wa bahari upungue ndipo tufunue vyandarua, alasiri mapema tukiingiza ndani kabla hewa haijawa nzito. Kila jani lilivunjwa sikioni. Ndoo zikafungwa, zikawekwa bandani zimeinuliwa juu ya mbao, na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Mimi nilikuwa nikipita nikiitazama mifuniko, na usingizi wangu miezi ile ulikuwa wa mang'amung'amu.

Mwezi wa pili ukafika. Jua lilikuwa kali, visima vimeshuka, kwenye bustani kumebaki vijiti. Ijumaa moja baada ya sala watu wakajaa mbele ya banda, wanaume kwa wanawake, na ndoo kumi na nne zikapangwa kwenye jamvi. Kabla mtu hajagusa kitu, Bi Mwantumu aliinua ndoo moja akaitenga. Akasema hii imepasuka mfuniko, ndani mmeharibika, wasije wakasema tumeficha. Bwana Kombo akaguna. Mimi nikajisemea huyu mama kwa ukweli wake atatumaliza.

Mwenyekiti akamtaka Bwana Kombo afungue mwenyewe. Akafungua ya kwanza. Akaingiza pua kwanza, kisha mkono, akatoa tembele, akalivunja. Lilivunjika kwa mlio mpaka waliokuwa nyuma wakasikia. Akafungua ya pili, akavunja. Ya tatu. Alivyoendelea ndivyo watu walivyozidi kusogea, na kila jani likilia, wanawake nao wakaitikia kwa sauti moja. Ya kumi na tatu ilikuwa ya Bi Mwantumu. Bwana Kombo alilivunja jani lake polepole, akalitazama, akatia kipande kinywani akatafuna.

Sufuria ilikuwa jikoni tayari, na nazi zimekwisha kukunwa. Majani yakarowekwa, yakafunguka, yakarudi kijani, yakaungwa kwa tui. Sahani ya kwanza haikwenda kwa mwenyekiti wala kwangu. Bi Mwantumu alimpelekea mkwe wake aliyekuwa amekalishwa kivulini, tumbo limeshakuwa kubwa. Yule binti akala akamaliza, akaomba nyingine. Wiki mbili nyuma kliniki walikuwa wamempima, damu ilikuwa chini kidogo, wakampa vidonge na yale maneno yale yale ya mboga za majani. Safari hii mboga zilikuwapo, mwezi wa pili, katika kijiji chetu. Alijifungua mwezi wa tano, salama, mtoto wa kike mwenye mapafu makubwa. Lakini mimi siku ile ya Ijumaa sikungoja mwezi wa tano. Nilitaka kupiga vigelegele, nikavipiga, mtumishi wa serikali na utu uzima wangu.

Watu walipokwisha kula, mwenyekiti akasimama kuishukuru serikali na bibi shamba wake. Bwana Kombo akanigeukia mimi, akaniuliza nimefanyaje hata zile zilizokuwa zikioza sasa hazikuoza. Nikafunga mdomo. Hilo nililijifunza kwa taabu, lakini nililijifunza. Bi Mwantumu, ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kusema mbele ya wanaume isipokuwa kuitikia, akasimama akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Bibi Shamba alitufundisha kukausha, Mungu ambariki," akasema. "Kilichokuwa kinaziharibu tulikitafuta wenyewe, na Mama Anjela ndiye aliyetuonyesha. Sasa kuna mwingine mwenye neno juu ya banda letu?"

Bwana Kombo alitia mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo aliobaki nao siku zote, akaninyooshea mimi. Nikaweka mikono yangu nyuma. Ufunguo ukabaki hewani kidogo, kisha akamgeukia Bi Mwantumu, na yeye akaupokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Ahsante, kaka," akamwambia. "Sasa tupishe mlangoni, tuna maembe ya kuanika."

Akapisha.